Hawakujificha darini, walifichwa mbele za watu

Mhariri,

Tumeisoma makala yenu kuhusu watoto wa Kiyahudi waliookoka Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, na tunashukuru kuona gazeti la Kiswahili likilipa jambo hili ukurasa mzima. Hata hivyo makala ilimwachia msomaji picha moja tu: mtoto amejibanza darini, familia moja yenye roho nzuri inampandishia chakula usiku, vita vinakwisha, anateremka. Picha hiyo imetokana na habari za Anne Frank wa Amsterdam, ambazo wengi wanazijua. Lakini Anne alikamatwa Agosti 1944 na akafia kambini Bergen-Belsen mwanzoni mwa 1945. Watoto wengi waliookoka hawakuwa darini. Walikuwa darasani, kanisani, machungani, kwenye foleni ya mkate, wakiitwa majina yasiyo yao.

Tunaomba nafasi tueleze jinsi kazi hiyo ilivyofanyika Ubelgiji, nchi ambako ilipangwa kwa uangalifu mkubwa na kumbukumbu zake zikabaki. Tutaandika kwa kirefu, na mtuwie radhi, kwa sababu neno "kuficha" linapotosha. Linamfanya msomaji adhani ni tendo la siku moja na la mtu mmoja. Ilikuwa kazi ya kila siku, kwa miaka miwili, ya watu wengi ambao aghalabu hawakujuana, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilihusu karatasi.

Karatasi zilianzia upande wa adui. Ubelgiji ilivamiwa Mei 10, 1940. Oktoba mwaka huohuo Wajerumani waliamuru kila Myahudi mwenye miaka 15 na kuendelea aandikishwe kwenye daftari maalumu la manispaa anakoishi. Katikati ya 1941 vitambulisho vyao vikagongwa muhuri mwekundu wenye maneno mawili, "Juif-Jood", yaani Myahudi kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. (Msomaji wetu wa Kigali hahitaji kuelezwa neno moja kwenye kitambulisho linaweza kumfanya nini mwenye nacho. Vitambulisho vya kabila vililetwa Rwanda na utawala wa Ubelgiji katika miaka ya 1930.) Kuanzia Juni 1942 kila Myahudi aliyetimiza miaka sita alilazimishwa kushona nyota ya manjano kifuani. Agosti 4, 1942, treni ya kwanza ikaondoka kambi ya Dossin mjini Mechelen, kati ya Brussels na Antwerp, kuelekea Auschwitz, kambi ya mauaji. Hadi Julai 31, 1944 watu zaidi ya 25,000 walipitishwa njia hiyo. Waliorudi hawakufika mmoja katika kila kumi.

Ukizipanga tarehe hizo utaona kwamba treni ilikuja mwisho. Kabla yake lilitangulia daftari, halafu muhuri, halafu nyota. Kwa hiyo aliyetaka kumwokoa mtoto alilazimika kwanza kumtoa kwenye daftari. Chumba cha kumlaza kilifuata baadaye.

Septemba 1942 iliundwa kwa siri Kamati ya Kuwatetea Wayahudi. Waasisi wake, Hertz Jospa na mkewe Yvonne miongoni mwao, karibu wote walikuwa Wayahudi, wa siasa zilizokuwa zikigombana hadi jana yake: wakomunisti, Wazayuni waliotaka taifa la Wayahudi Palestina, na wasio na chama. Kamati ilikuwa na idara ya watoto, iliyoendeshwa na Maurice Heiber, Yvonne Jospa, Ida Sterno na wenzao. Idara hiyo pekee iliwaweka mafichoni watoto wapatao 2,400. Makala yenu haikuitaja hata mara moja, na tunasikitika, kwa sababu inamwacha msomaji akidhani Wayahudi walikaa kusubiri huruma ya wengine. Mpango ulikuwa wao. Wabelgiji wasio Wayahudi waliitikia, na wengi waliitikia kwa ujasiri mkubwa, lakini mwito ulitoka kwa wenye watoto.

Sasa tueleze kazi yenyewe.

Ilianza mlangoni. Mtu wa kwanza kufika nyumbani alikuwa mwanamke, mara nyingi kijana na mara nyingi si Myahudi, kwa sababu mwanamke aliyeshika mkono wa mtoto hakumshtua askari yeyote barabarani. Maarufu zaidi kati yao ni Andrée Geulen, mwalimu wa Brussels aliyekuwa na miaka kama 21. Aliingia kazi hii baada ya kuona wanafunzi wake wakija shuleni na nyota kifuani. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa dogo: aliagiza darasa zima livae aproni ili nyota zisionekane, asiwepo mtoto wa kunyooshewa kidole. Baadaye alihamia shule ya Gatti de Gamond, ambako watoto wa Kiyahudi walikuwa wamefichwa kwenye bweni. Usiku wa Pentekoste mwaka 1943 Wajerumani waliivamia shule hiyo. Watoto walitolewa vitandani na vitambulisho vikakaguliwa. Mwalimu mkuu, Odile Ovart, alikamatwa pamoja na mumewe, na wote wawili walifia kambini. Geulen alipoulizwa kama haoni haya kuwafundisha Wayahudi, aliwauliza nao kama hawaoni haya kupigana vita na watoto. Alipoachiwa tu, aliwakimbilia wanafunzi wa Kiyahudi waliokuwa makwao usiku ule akawaonya wasirudi shule. Tangu hapo akawa mtu wa Kamati, kwa jina la bandia la Claude Fournier.

Mlangoni mama aliambiwa maneno machache. Amfungie mtoto sanduku dogo. Atoe kila kitu chenye jina: alama zilizotariziwa kwenye shati, picha, barua. Kisha likaja lile gumu kuliko yote: haambiwi mtoto anapelekwa wapi. Mtafiti wa leo anaweza kudhani huo ni ukatili. Sababu yake ilikuwa wazi kabisa. Wazazi wengi walikuwa wakiwindwa, na mzazi aliyekamatwa angeweza kuteswa hadi aseme. Asiyejua hana la kusema. Tena kulikuwa na mzazi ambaye, hata bila kuteswa, angeshindwa kuvumilia, akaenda Jumapili kumchungulia mwanawe kwenye uzio wa shule ya watawa, na nyuma yake akaja mtu aliyemfuata. Kwa hiyo mama alimkabidhi mwanawe kwa mgeni asiyemjua hata jina, na mlango ukafungwa.

Njiani, ndani ya tramu au treni, lilianza somo la jina. Mtoto aliambiwa: kuanzia sasa wewe ni fulani, la zamani usilitaje kwa mtu yeyote. Mwenye miaka minane alilishika haraka. Mwenye miaka mitatu ilikuwa shida, na mwenye miaka minne alikuwa hatari zaidi, kwa sababu anajua jina lake la kweli, anajivunia kulitaja, na hajui kwa nini asilitaje. Kitu kingine kilichohitaji uangalizi ni lugha. Zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa Ubelgiji hawakuwa raia wa nchi hiyo. Walitoka Poland na nchi nyingine za mashariki, na nyumbani walisema Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa huko. Mtoto anaweza kufunzwa kusema Kifaransa mchana kutwa, lakini akiumwa tumbo usiku humwita mamaye kwa lugha ya mama.

Alipofika alikopelekwa, ikiwa ni nyumba ya watawa au familia ya Kikatoliki kijijini, alifundishwa ishara ya msalaba, Baba Yetu na Salamu Maria, na ilimbidi azijue kabla ya Jumapili ya kwanza. Mtoto asiyejua wakati wa kupiga magoti kanisani alijitangaza mwenyewe. Wako waliobatizwa. Wengine walibatizwa kwa sababu ya cheti, maana cheti cha ubatizo kilikuwa karatasi ya kumlinda. Wengine walibatizwa kwa sababu watawa waliamini wanaokoa na roho pia. Mambo hayo mawili yalichanganyika, na baada ya vita yalileta ugomvi.

Kwa wavulana palikuwa na tatizo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza lisimjie akilini upesi. Kwetu tohara ni jambo la kawaida, kwa Waislamu na kwa Wakristo wengi pia. Ubelgiji ya wakati ule ilikuwa kinyume: mvulana aliyetahiriwa alihesabiwa Myahudi, basi. Hakuna cheti cha bandia kilichoweza kujibu hilo. Kwa hiyo mvulana hakuoga pamoja na wenzake, hakwenda kuogelea mtoni, hakuchunguzwa na daktari asiyeaminika, na bwenini alivaa nguo za kulalia chini ya blanketi. Wenyeji wengi walipendelea kupokea wasichana. Kuwapatia wavulana mahali kulichukua muda mrefu zaidi, na muda ndio kitu ambacho hakikuwepo.

Sasa tufike kwenye chakula, jambo linalosahaulika kuliko yote. Vyakula vikuu vyote vilikuwa kwenye mgao. Mkate ulikuwa gramu 225 kwa mtu kwa siku, haujafika robo kilo, na ulihitaji stempu. Stempu zilitolewa na manispaa kwa waliomo kwenye daftari. Mtoto aliyefutika kwenye daftari alifutika pia kwenye mgao. Familia iliyompokea bila stempu ilikuwa inamega mkate wa wanawe kumlisha yeye, na hilo linawezekana kwa wiki mbili, haliwezekani kwa miaka miwili. Ndiyo maana wanawake wa Kamati walirudi kila mwezi na vitu viwili mkobani: stempu za mgao na pesa za matunzo. Stempu zilipatikana kwa maofisa wa manispaa waliokubali kuziiba au kufumba macho, na kwa wapiganaji wa siri. Pesa zilitoka kwa wafadhili wa ndani, kwa shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani liitwalo Joint kupitia Uswisi, na kwa Yvonne Nevejean, mkurugenzi wa shirika la taifa la ustawi wa watoto. Nevejean alikuwa mkuu wa ofisi halali ya serikali. Nyumba za likizo za watoto, nyumba za kupumzikia na vituo vilikuwa chini yake, na alivifungua kwa watoto waliokuwa marufuku huku Wajerumani wakiendelea kumwona kama mtumishi wa umma.

Kulipa familia pesa kunawachukiza wasomaji wengine. Wanasema: kumbe walifanya kwa malipo. Hapana. Malipo yalikuwa madogo, na adhabu ya kukamatwa na mtoto wa Kiyahudi ingeweza kuwa kambi. Pesa zilikuwepo kwa sababu wapokeaji wengi walikuwa maskini, na kwa sababu zilimpa mjumbe sababu ya kurudi kila mwezi na kumwangalia mtoto: anakula, ana viatu, amepigwa, amegeuzwa kijakazi wa shamba? Ilitokea. Mtoto aliyeteswa alihamishwa. Na kila uhamisho ulikuwa mwanzo mpya: kitanda kipya, kanuni mpya, wakati mwingine hata jina jipya tena.

Hapo ndipo tatizo la kuweka kumbukumbu lilipojitokeza, na hapa tunaomba msomaji atulie nasi, kwa sababu hiki ndicho kiini cha barua hii. Kamati ilikuwa na watoto zaidi ya elfu mbili, wengi wamehamishwa mara mbili au tatu, wote kwa majina ya bandia, na wengine wadogo kiasi kwamba baada ya mwaka mmoja hawangekumbuka jina la baba. Usipoandika, vita vikiisha hujui nani ni wa nani. Mtoto atakuwa ameokoka lakini amepotea. Ukiandika, na daftari likaangukia mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, umewapa orodha yenye anwani.

Jibu lao lilikuwa kuigawa siri vipande. Walitumia madaftari matano. Kila mtoto alipewa namba, na kila mahali pa kumficha pakapewa alama yake. Daftari moja lilikuwa na majina halisi na namba. Jingine lilikuwa na majina ya bandia na namba. Jingine lilikuwa na anwani za wenyeji na alama zao. Taarifa nyingine, pamoja na kiungo kati ya mtoto na mahali alipo, ziligawanywa kwa mtindo huohuo. Hakuna ukurasa mmoja uliokuwa na jina la kweli, jina la bandia na anwani kwa pamoja. Madaftari yalifichwa sehemu mbalimbali. Gestapo ambaye angelipata moja angesoma safu ya majina na tarakimu, akaishia hapo. Ida Sterno alipokamatwa mwaka 1944 na kupelekwa Mechelen, kazi haikuvunjika. Padri Henri Reynders, mtawa wa Kibenedikto wa Leuven aliyejulikana kama Père Bruno, aliyewapatia mamia ya watu mahali pa kujificha, naye aliweka madaftari yake, kwa sababu hiyohiyo.

Kazi ya namna hii iliharibika kwa njia gani? Mara chache iliharibika kwa askari kupekua dari. Iliharibika kwa wachongezi. Brussels palikuwa na mtu aliyeitwa Gros Jacques, yeye mwenyewe Myahudi, aliyezungushwa mitaani ndani ya gari la Gestapo akinyooshea kidole sura alizozijua. Mbele yake cheti kizuri hakikufaa kitu, kwa sababu alitambua uso. Iliharibika kwa majirani waliokuwa na kisasi. Na iliharibika kwa nyumba kubwa kupita kiasi. Watawa waliopokea wasichana wawili walikuwa salama kuliko waliopokea kumi na watano. Mei 1943 Gestapo walifika kwenye nyumba ya watawa huko Anderlecht, wakawakuta wasichana wa Kiyahudi na kuamuru wawe tayari kuchukuliwa kesho yake. Usiku uleule wapiganaji wa siri wakaingia, wakakata waya za simu, wakawafunga watawa kamba ili ionekane wamevamiwa, na kuondoka na wasichana wote. Kamba hizo zilikuwa karatasi ya aina nyingine: ushahidi wa kuwaonyesha Wajerumani asubuhi.

Uholanzi jirani ilikuwa na hadithi ya daftari pia. Amsterdam, watoto waliosubiri kusafirishwa waliwekwa kwenye kituo cha kulelea watoto kilichotazamana na ukumbi wa Hollandsche Schouwburg, walikozuiliwa wazazi wao. Walter Süskind, Myahudi aliyesimamia ukumbi huo, na Henriëtte Pimentel, mkuu wa kituo, waliwatoa watoto wapatao 600. Tramu iliposimama katikati ya barabara na kumziba mlinzi, mtu alitoka na mtoto upande wa pili. Lakini kabla ya hapo kadi ya mtoto huyo ilikuwa imeshaondolewa kwenye faharasa. Mtoto asiyekuwa na kadi, asubuhi hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutwi.

Makala yenu ilimtaja pia, bila jina, "mvulana aliyeokolewa kwenye treni". Bila shaka mlimkusudia Simon Gronowski, na habari zake mlizichanganya kidogo, kwa hiyo tuzinyooshe.

Alikuwa na miaka 11. Machi 17, 1943 Gestapo waliingia nyumbani kwao Brussels, familia ikiwa mezani kwa kifungua kinywa. Baba hakuwepo, alikuwa amelazwa hospitalini. Mama, Chana, aliulizwa mume yuko wapi akajibu kuwa yeye ni mjane. Uongo huo mmoja ulimwokoa mumewe. Mama na watoto wawili walipelekwa Dossin. Aprili 19, 1943 Simon na mama yake walipakiwa kwenye treni ya ishirini, yenye watu 1,631. Dada yake Ita, mwenye miaka 18, hakupakiwa, kwa sababu alikuwa amechagua uraia wa Ubelgiji, na wakati huo Wayahudi waliokuwa raia walikuwa bado hawajaguswa. Kipande cha karatasi kilimpa miezi mitano. Alisafirishwa Septemba, katika treni ya Wayahudi raia wa Ubelgiji, na hakurudi.

Usiku ule, kati ya Boortmeerbeek na Haacht, vijana watatu waliisimamisha treni: Youra Livchitz, Jean Franklemon na Robert Maistriau. Silaha zao zilikuwa bastola moja, koleo za kukatia waya, na taa ya chemli iliyozungushiwa karatasi nyekundu, wakaiweka katikati ya reli. Dereva akaona taa nyekundu, akashika breki. Msomaji anayeijua chemli, ile taa ya mafuta yenye kioo na mpini wa waya wa kuning'iniza, ajaribu kuiona mbele ya injini ya treni yenye walinzi wenye bunduki. Walifungua behewa moja, wakatoa watu 17 na kumpa kila mmoja noti ya faranga 50 ya kufikia mjini.

Behewa la Simon halikuwa hilo. Hapa ndipo mlipokosea. Vijana wale hawakulifikia. Treni iliondoka, lakini ndani ya behewa lake watu walipata moyo wakaufungua mlango wao wenyewe. Mama alimpa mwanawe noti ya faranga 100, akaikunja na kuitia ndani ya soksi. Akamshika mabegani, akamteremsha hadi kwenye kikanyagio cha nje. Treni ilikuwa inakwenda kasi, na mama akasema kwa Kiyidishi kwamba inakwenda mbio mno. Ikapunguza mwendo, mtoto akaruka. Chana hakuweza kumfuata. Aliuawa Auschwitz. Usiku huo watu zaidi ya 230 waliruka kutoka treni ile, baadhi yao wakapigwa risasi.

Kuruka kulimtoa kwenye treni tu. Kilichofuata ni hesabu ya zile karatasi na uongo tuliokwisha kueleza. Mtoto alitembea usiku kucha akiwa na matope hadi magotini, akabisha mlango alfajiri karibu na Borgloon, akasema alikuwa akicheza na wenzake akapotea. Mama mwenye nyumba hakuuamini uongo huo, akampeleka kwa polisi wa kijiji. Polisi huyo, Jan Aerts, alikuwa ameshaona maiti za waliopigwa risasi wakiruka. Alimwambia mtoto kwamba anajua alitoka kwenye treni ya Wayahudi, na kwamba hatamsaliti. Mke wa Aerts akampa chakula, akamwogesha, akambadili nguo, maana nguo zake zilizochanika zingemtambulisha kwenye stesheni yoyote. Jioni alipanda treni ya kawaida kurudi Brussels. Kisha akafichwa na familia za Kikatoliki kwa miezi 17, huku baba yake akifichwa mahali pengine, mji huohuo. Hawakukaa pamoja, kwa sababu wawili wakikamatwa pamoja wanapotea wote.

Brussels ilikombolewa Septemba 3, 1944. Wiki chache kabla yake palikuwa na hofu mpya, na hii haisemwi mara nyingi. Watoto kadhaa wa Kiyahudi waliishi kwenye vituo vilivyoruhusiwa na Wajerumani wenyewe, na kwa hiyo walikuwa wanajulikana kwa idadi na anwani. Kituo cha Wezembeek kilishavamiwa Oktoba 1942, watoto na walezi wao wakapelekwa Mechelen, na kuachiwa kwao kulihitaji Nevejean kumfikia Malkia Elisabeth. Mwishoni mwa Agosti 1944 wapiganaji wa siri waliona kwamba Wajerumani wanaoondoka wanaweza kuwachukua watoto hao kama mizigo ya mwisho. Vituo vikatawanywa kwa haraka na watoto wakagawiwa nyumba za watu.

Halafu madaftari yakatolewa mafichoni na kuwekwa pamoja kwa mara ya kwanza. Namba ikakutana na jina, jina na anwani. Andrée Geulen na wenzake wakarudi njia zilezile, safari hii kuwakusanya. Kwa waliokuwa na mzazi aliyebaki hai, ilikuwa siku ya furaha na ya mshtuko pia. Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka miwili sasa ana minne au mitano, anasema Kiflemi, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji, na mamaye anasema Kiyidishi, na mama anayemjua ni yule anayetakiwa kumwacha. Akiitwa jina lake la kwanza haitiki. Wengi hawakuwa na mzazi wa kurudi kwake. Hao walipelekwa kwenye nyumba za mayatima za Kiyahudi zilizofunguliwa baada ya vita, au kwa ndugu wa mbali Marekani na Palestina, na wengine walibaki walikokuwa, wakakua na jina la kificho.

Kwa miaka mingi hawakuhesabiwa kama manusura. Waliambiwa hawakufika kambini, walikuwa wadogo, hawawezi kukumbuka. Mkutano wao mkubwa wa kwanza wa kimataifa ulifanyika New York Mei 1991, na walihudhuria watu wapatao 1,600. Wengi wao siku hiyo ndipo walipolitamka jina lao la mafichoni mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mmoja wa watoto waliofichwa Ubelgiji, François Englert, mwana wa Wayahudi wa Brussels, alizungushwa vituo na nyumba za Dinant, Lustin, Stoumont na Annevoie. Mwaka 2013 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Peter Higgs. Walimu wa sayansi wanaosoma gazeti hili wanalijua jina lake, lakini wachache wanajua kuwa aliwahi kulificha.

Makala ilisema kwamba watoto milioni moja na nusu wa Kiyahudi waliuawa Ulaya, na hiyo ni kweli, takriban. Tunaomba mrekebishe mengine matatu. Kwanza, Gronowski hakutolewa behewani na wavamizi wa treni, aliteremshwa na mama yake. Pili, mlimwita Geulen "mtawa". Hakuwa mtawa, alikuwa mwalimu, na alifariki Brussels mwaka 2022 akiwa na miaka 100. Tatu, mkiweza, liongezeni jina la Kamati ya Kuwatetea Wayahudi mahali mlipoandika "watu wema".

Ni sisi wasomaji wenu,
Walimu wa historia, Tanga